Boti ya Baba Atu

Wapendwa, kabla sijaendelea na somo nataka niwape mfano mmoja. Mnaoangalia saa, ziangalieni sasa hivi, halafu mziache. Mfano wenyewe unahusu mkopo, kwa hiyo najua hakuna atakayesinzia.

Palikuwa na mume na mke waliochoka kuhamishwa na maji. Walikaa kando ya ziwa, upande ule wa tambarare, na ziwa lilikuwa linapanda. Mara ya kwanza maji yaliingia sebuleni, wakainua kitanda kwa matofali. Mara ya pili wakahamia kwa shemeji mpaka maji yakapungua, wakarudi, wakapaka chokaa upya. Mara ya tatu ukuta wa nyuma ukalala chini, na nyumba ikawa imeisha. Wakarudi kwa shemeji, chumba kimoja, wao na watoto. Mnajua wenyewe kukaa kwa shemeji kulivyo. Wiki ya kwanza mnakaribishwa chai. Baada ya hapo mnaanza kusikia masufuria yanavyowekwa chini.

Mume alikuwa fundi seremala. Mke aliuza chai na maandazi mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Binti yao wa kwanza aliitwa Atu, kwa hiyo wao kwa wao waliitana Baba Atu na Mama Atu, kama mnavyoitana hapa.

Siku moja mume akasema, "Mama Atu, tukijenga chini tena, maji yatatufuata tena. Safari hii tuwe na nyumba inayopanda pamoja na maji." Alikuwa anawaza boti, boti pana ya mbao, yenye vyumba viwili na jiko juu yake, iliyofungwa kwa kamba kwenye nguzo za ufukweni. Ndugu walicheka. Shemeji naye alicheka, ingawa nadhani moyoni alifurahi kuliko wote. Mke hakucheka. Aliuliza tu jiko litakaa upande gani. Wanawake mliopo hapa, mnaelewa swali hilo lina maana gani. Mwanamke akishauliza jiko litakaa wapi, ameshahamia.

Pesa hawakuwa nayo. Wakaenda chama cha akiba na mikopo. Siku hiyo mke aliamka akaoga mapema, akavaa kitenge chake cha kanisani, akatia kitambulisho kwenye pochi. Wakaketi mbele ya afisa mikopo, kijana mwenye adabu, naye akawaeleza vizuri.

"Mnaweza kukopa kwa majina mawili, au kwa jina moja. Mkikopa wawili, boti inakuwa ya wote, na mkishindwa tunawadai wote. Akikopa mmoja, boti inaandikwa kwake, na tunamdai yeye peke yake."

Mke alikuwa ameshafungua pochi. Mume akasema, "Andika mimi peke yangu."

Akamgeukia mkewe, akamwambia kwa upole kabisa, "Mambo yakiharibika, waje kwangu. Wewe ubaki na biashara yako ya chai, watoto wapate kula. Sitaki mtu akusumbue."

Ninyi mngesemaje? Huyu ni mume mbaya? Hapana. Wako akina mama hapa ambao wangelia kwa furaha kuambiwa maneno kama hayo, na wako wengine ambao waume zao wamekopa kwa majina yao wakatokomea. Yule mume alimpenda mkewe. Alisema kutoka moyoni. Na mke akasema, "Asante, Baba Atu," akafunga pochi. Lakini nawaambia kitu ambacho mumewe hakukiona: iliuma. Njia nzima alitembea nyuma ya mumewe, na mume akadhani amechoka na jua.

Basi boti ikanunuliwa, ikatengenezwa, wakahamia. Ilikuwa nzuri. Asubuhi mke alikuwa akikaanga maandazi huku ziwa linamtikisa polepole, watoto wakioga pembeni. Ungepita ungesema, hawa Mungu amewaona.

Lakini sikilizeni namna alivyokuwa anaongea. "Baba Atu, naruhusiwa kupigilia msumari hapa, nitundike pazia?" Mume anasema, pigilia tu. "Baba Atu, dada yangu anataka kuja kulala Jumamosi, itakusumbua?" Mume anasema, aje. Mume akawa anatembea kifua mbele kwa jinsi anavyoheshimiwa. Wanaume wenzangu, tunalipenda sana lile swali la naruhusiwa. Tunadhani ni heshima. Wageni wakija na kusifu, mke alikuwa anasema, "Hii boti ya Baba Atu." Na kila mwezi, siku za rejesho zikikaribia, alikuwa anatoa pesa ya chai iliyofungwa kwenye leso, anaiweka mezani. Mume anairudisha. "Hii yako, mama. Jinunulie kitenge." Kwa upendo kabisa, mwezi baada ya mwezi, alikuwa anamfungia mlango.

Sasa, jikoni, pale kwenye kona nyuma ya mtungi wa gesi, mbao zikaanza kulowa. Mke akaona. Akaweka tambara. Baada ya muda tambara likawa halitoshi, akaweka beseni. Kila jioni mumewe akikaribia kurudi kutoka kwenye useremala, mke alikuwa anamwaga beseni, anapangusa sakafu, anasogeza mtungi mahali pake. Chakula mezani. "Karibu, Baba Atu. Pole na kazi."

Najiuliza, na ninyi jiulizeni: mke wa fundi seremala, mwenye akili zake, anaona maji yanaingia nyumbani mwake, mahali ambapo watoto wake wanalala. Kwa nini anapangusa na kunyamaza?

Ikafika siku ya Jumamosi. Kazini umeme ulikatika, mume akarudi mchana. Kwa mbali aliona watu wamejaa ufukweni na boti yake imelala ubavu. Akakimbia. Watoto walikuwa wameshatolewa, wanalia kwenye mchanga. Alipoingia jikoni alimkuta mkewe amesimama kwenye maji yanayomfika magotini, anachota kwa sufuria na kumwaga dirishani, anachota na kumwaga. Mume alichukua ndoo, wakachota wote. Wavuvi wakavuta kamba kutoka nje mpaka boti ikakaa kwenye kina kifupi, tumbo likagusa mchanga. Ikapona. Magodoro yaliharibika, unga uliharibika, lakini nyumba walikuwa bado wanayo.

Wakaketi ufukweni, wamelowa. Mume alikwenda akachungulia ile kona, akaona mbao ilivyooza, akakuta na beseni. Yeye ni fundi, mbao haikumdanganya. Akarudi akiwa na hasira, ile hasira ya mtu aliyeogopa sana.

"Mama Atu, hii haikuanza leo."

"Haikuanza leo."

"Watoto wanalala humo. Ungeniambia ningeziba kwa pamba na lami, kazi ya asubuhi moja. Kwa nini hukuniambia?"

Mke akakamua upande wa kitenge chake, maji yakatiririka. Akasema, "Baba Atu, wewe umelelewa kama mimi. Ukienda kwa watu, ukalala chini ya paa linalovuja, asubuhi unamwambia mwenye nyumba paa lako linavuja?"

"Mgeni hasemi hivyo. Utamwaibisha."

"Basi."

Wapendwa, yule mume alilia. Mbele ya wavuvi, mbele ya watoto wake, alilia. Akasema, "Nilikuwa nakukinga." Na mke akamshika mkono, maana alikuwa anampenda, akamwambia, "Najua. Ulinikinga vizuri sana, Baba Atu. Ila uliniacha nje."

Jumatatu wakaenda wote wawili kwa yule kijana wa mikopo. Safari hii mke ndiye aliyeketi kwanza. Akasema, "Mwanangu, nimekuja uniandike kwenye ule mkopo."

Kijana akamwangalia mume, akamwangalia mke. "Mama, hapa watu huja kuomba majina yao yafutwe."

"Mimi naomba langu liandikwe."

"Lakini mama, mkopo wenyewe unakaribia kwisha. Baba amelipa vizuri, kimebaki kidogo. Kwa miezi michache tu iliyobaki, huna sababu ya kudaiwa na mtu."

Yule mama akavuta kiti karibu na meza. "Ndiyo maana nimekuja mbio. Ukiisha kabla sijadaiwa, nitaingilia wapi?"

Sasa, sisi.

Sisemi mkitoka hapa kila mtu akakope na mwenzake. Kuna mwenzi ambaye ukimpa saini atauza hadi mlango, na ukiwa na wa namna hiyo, njoo kwanza ofisini kwangu tuongee. Nasema na wale wanaopendana. Nasema na wewe baba unayeficha majibu ya daktari ili mama asilale na wasiwasi. Na wewe mama unayemlipia mtoto ada kimyakimya ili baba yake asione aibu, halafu unakaa jikoni unasononeka peke yako. Na ninyi vijana mlioko mjini, mnaopiga simu nyumbani na kusema mambo mazuri, wakati hamjala tangu jana. Tunaita upendo. Na ni upendo, sikatai. Lakini tunawabebea watu wetu mzigo mpaka tunawageuza wageni, halafu siku maji yakifika magotini tunawauliza kwa nini walinyamaza.

Na hapa kanisani tuko hivyohivyo. Bati likitoboka nasikia mnasema, kanisa la mchungaji linavuja. La mchungaji? Nimewasikia, na sijakasirika, nimejiuliza tu ni lini nilianza kuwarudishia leso zenu mezani.

Hata Mungu tunamwendea hivyo. Tunaingia kwake kwa adabu, tunasifu, tunasema kila kitu ni kizuri, tunafunika pale palipolowa, tunaaga. Ninyi mmekuwa wageni wake miaka yote hii, na yeye alikuwa anawangoja kama watoto, wale wanaoingia bila hodi na kusema, Baba, huku kunavuja.

Kwa hiyo leo mkifika nyumbani, kabla chakula hakijapakuliwa, kaa karibu na mtu wako. Awe mume, awe mke, awe mama yako mzee. Muulize, "Kuna kitu gani unakiogopa peke yako?" Atasema hakuna. Sisi sote huwa tunasema hakuna. Usiondoke. Kaa hapohapo, chakula kipoe, mpaka akuambie.