Maneno Sita ya Kufungulia Karatasi za Nasma

Khrr, khrr. Saa nane usiku, kifua cha mwanangu Nasma. Namgusa, moto! Ila nawaambia mapema nisiwatishe nilivyotishika mimi: mtoto mzima, hivi sasa anakula uji. Kilichobaki ni kesi, na hukumu nawaachia ninyi.

Watu ni watatu. Mume wangu Hoza, fundi wa minara ya simu, anajua kufunga. Mama yake, Bi Mwanahawa, hajui kusoma, ila alisikialo halimtoki. Wifi yangu Kidawa ana masikio, Mungu amsamehe.

Hoza ndiye aliyefunga. Kadi yangu ya kliniki iliwahi kupigwa picha ikazungushwa mtaa mzima, nikajificha ndani wiki mbili. Basi Hoza akapiga picha karatasi zetu zote za hospitali, zangu na za mtoto, akaziweka kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo hata wenyewe wenye hifadhi hawawezi kuzisoma, kisha karatasi akazichoma. Kwenye simu yangu zinafunguka kwa kidole. Kwenye simu nyingine, mpaka maneno sita.

Bi Mwanahawa ndiye aliyeshika. Hoza alimtajia yeye peke yake, mimi kidole kilinitosha, naye akayatia kwenye wimbo wa kumbembelezea mjukuu.

Sasa usiku huo simu yangu imeshatumbukia kwenye ndoo ya nepi, Hoza yuko porini hapatikani, na hospitalini, tulikokimbilia mimi, mama mkwe na Kidawa, daktari kashika sindano. "Mama Nasma, kuna dawa inayomdhuru?"

Ipo! Ilimvimbisha uso mwaka jana! Jina lake? Silijui, limo humo humo!

Kidawa akatoa simu yake. Mama mkwe akaimba pale pale wodini, mimi naandika, moja, mbili, mpaka la tano, akakwama. Akaanza upya, akakwama. "Woga umelimeza, mwanangu."

"Mchaichai," akasema Kidawa, macho chini.

"Wewe umejuaje?"

"Ukifika hapo mwishoni unapaza sauti, mama. Mimi huwa napita tu mlangoni."

"Kila siku unapita?"

"Mlango si uko njiani!"

Ikafunguka. Daktari akasoma, sindano akaiweka chini. "Ningemchoma hii hii." Nikakaa sakafuni, nalia nacheka.

Hoza karudi, kaniambia nitunge maneno mapya. "Safari hii, mbali na mwenye siri, ashike mmoja tu. Mke wangu achague."

"Niliyeshika matano nipo," akasema mama.

"Na la sita mlipewa na kunguru?" akasema Kidawa.

"Bila kufuli langu mngefungua nini?"

"Bila kufuli lako, kaka, tungefungua bahasha tu!"

Mfungaji hapatikani, mshikaji husahau akiogopa, msikiaji hasahau, lakini alisikia asichopewa. Na siri zilizomo humo ni zangu.

Je, ungekuwa mimi, ungempa nani? Ninong'oneze. Nikishamtajia huyo mmoja, naapa kwa pumzi ya Nasma, mwingine simwambii.