Kiroboto, Chui na Mioyo ya Paka wa Singa

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nini?"

"Pakawa na paka."

"Na paka wakawa na nini?"

"Wakawa na viroboto."

Haya. Anayetaka kujikuna na ajikune sasa, maana nikishaanza sisimami.

Palikuwa na mji wa paka, na mji wenyewe uliitwa Singa kwa ajili ya manyoya ya wenyeji wake. Yalikuwa marefu, laini, ya singa hasa, yanapeperuka hata pasipo upepo. Paka wa Singa walijivunia nasaba. Mtoto kabla hajajua kukamata panzi alikwisha kujua kutaja babu zake mpaka ulimi ukauke. Waliwapa watoto majina ya vito, na waliozana wenyewe kwa wenyewe, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, ili manyoya yasije yakafupika.

Lakini Singa kulikuwa na msiba usiosemwa. Vijana walikuwa wanakufa. Paka kijana, mzima wa afya, anakula, anacheza, anaruka, na akitua chini hainuki tena. Wakubwa walisema ni kijicho cha watu. Wakazika, wakarudi nyumbani kuchana manyoya.

Alikuwapo mama mmoja, Bi Zumaridi, mwenye watoto wawili, Marijani na Lulu. Asubuhi moja Marijani aliruka ukuta kumfuata kipepeo. Akaruka, pu! Akaanguka. Mama alidhani mtoto anafanya mzaha, akamwambia ainuke asijichafue. Hakuinuka.

Nyuma ya sikio la Marijani alikuwa anaishi Kiroboto. Alikulia pale pale, na kila siku alilala kwa mlio wa moyo wa mwenyeji wake, pwita, pwita, pwita, kama mtoto anayebembelezwa. Karibu na mwisho aliusikia ukienda ovyo: pwita-pwita, kimya, pwita. Hakujua maana yake. Siku ile ulinyamaza kabisa, mwili ukaanza kupoa, na Kiroboto akahamia shingoni mwa Bi Zumaridi kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda.

Matanga yalipokwisha, akapanda mpaka sikioni kwa mama huyo, akampa pole, akamweleza alivyousikia ule moyo. Bi Zumaridi hakujikuna. Akaanza kutaja nasaba taratibu, lakini safari hii aliwataja waliokufa wakiruka tu. Yakuti, mtoto wa shangazi yake. Almasi, mtoto wa Yakuti. Akiki, kaka yake mwenyewe. Wote wa tumbo la bibi mmoja.

Akaondoka, akaenda mpaka kwenye vichuguu, kwa Bibi Kakakuona, mganga asiyeogopa kusema "sijui". Bibi Kakakuona alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kwamba hicho si kijicho. Kuta za moyo zinanenepa, zinanenepa, mpaka damu inakosa nafasi.

"Na ugonjwa huu hurithiwa, mwanangu," akasema. "Mzazi humpa mtoto rangi ya macho, akampa na huo, wala hajui kama ametoa."

Akaeleza kuwa ndani ya damu lazima ipo alama yake. Ikijulikana, paka atajua mapema kama anayo, na watu watajua nani asizae na nani. Lakini kuitafuta ni kazi. Alihitaji tone la damu la kila nyumba ya Singa, wagonjwa na wazima, na wasaidizi wengi wa kulinganisha tone na tone, masika mpaka kiangazi. Na wasaidizi lazima wale.

Basi Singa ikachangishana. Asiye na samaki alileta samli, asiye na samli alileta maziwa ya mgando. Hata wale waliosema ni kijicho walileta kidogo, ili waonekane na watu. Ikabaki shida ya mahali pa kuweka, kwa kuwa mbwa walikuwa karibu. Hapo ndipo Chui alipotokea, shingo nene, sauti nzito.

"Mimi ni mjomba wenu," akasema. "Tazameni makucha, tazameni mkia. Damu yetu ni moja. Mchango ukae pangoni kwangu, tuone nani atathubutu kuugusa."

Na kweli, hakuna aliyethubutu kuugusa ila yeye.

Paka walileta samaki. Chui akasema, "Wekeni hapo, wanangu." Wakaweka, wakaenda zao. Chui akala, kacha kacha kacha.

Paka walileta samli. Chui akasema, "Wekeni hapo, wanangu." Wakaweka, wakaenda zao. Chui akalamba, chwa chwa chwa.

Paka walileta maziwa. Chui akasema, "Wekeni hapo, wanangu." Wakaweka, wakaenda zao. Mnajua wenyewe.

Wasaidizi wa Bibi Kakakuona walipokuja kuchukua posho, Chui aliwajibu kuwa mchango haujatimia. Wakirudi, haujatimia. Mmoja mmoja wakaanza kuaga kwa njaa, kazi ikalala.

Bi Zumaridi akaenda mwenyewe, mchana, jua la utosi. Alimkuta Chui amejinyoosha mbele ya pango, samli inang'aa kwenye masharubu. Akamwamkia shikamoo mjomba, akauliza kwa adabu mchango utatimia lini. Chui akafungua jicho moja, akamuuliza kama amekuja kuuliza au amekuja kuwa chakula cha mchana. Mama akarudi nyuma. Kupigana naye hawezi, kulia mbele yake hataki. Akaenda zake, na njiani akahisi shingo yake imekuwa nyepesi. Kiroboto hakuwapo.

Kiroboto alikuwa amesharuka, tuu! Akatua kwenye manyoya ya Chui, akapanda, akaingia sikioni, akaenda mpaka ndani kabisa, penye ngozi iliyowambwa kama ngoma. Akaipiga kwa miguu ya nyuma. Pwita-pwita. Kimya. Pwita.

Chui akafumbua macho yote mawili.

Akanywa maji. Pwita-pwita. Kimya. Pwita.

Akatembea kidogo. Pwita-pwita. Kimya. Pwita.

Akapanda mti, akalala tawini bila kutikisika. Pwita-pwita. Kimya. Kimya zaidi. Pwita.

Akashuka mtini kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba yai, akashika njia ya Singa.

Bi Zumaridi alikuwa barazani akimchana Lulu. Chui alisimama mbali kidogo. Alizunguka maneno, akaulizia mvua, akaulizia wazee, mwisho akauliza moyo wa yule kijana marehemu ulikuwa unapigaje.

Mama akamweleza. Chui akakaa chini.

"Lakini ugonjwa huo ni wa paka wa nasaba," akasema. "Hauwapati wengine."

"Mjomba, si ulisema damu yetu ni moja?"

Sikio la Chui lilikuwa linacheza lenyewe. Bi Zumaridi alilitazama sikio lile, akalitazama vizuri, kisha akainamisha macho akaendelea kuchana.

Chui akaulizia dawa. Akajibiwa kwamba Bibi Kakakuona pengine angekuwa amekwisha kuijua ile alama, ila wasaidizi wake wameondoka kwa njaa.

Siku hiyo hiyo Chui aliingia porini kuwinda. Alikamata swala, akambeba kuelekea vichuguuni, na moyo wake ukatulia, maana Kiroboto alikuwa anapumzika. Njiani akasimama amege paja. Pwita-pwita. Kimya. Akaliacha paja. Moyo ukatulia. Kesho yake alibeba samaki, akataka kuonja mmoja tu, wa mwisho, mdogo. Pwita-pwita. Kimya. Akamrudisha. Basi akajifunza kuwa moyo wake unapenda kazi ya Bibi Kakakuona, akaifanya kwa bidii, na wasaidizi wakarudi, wakashiba.

Ilibaki damu. Wakubwa wa Singa walikataa kutoa, wakihofu nyumba zao zisije zikasemwa. Bi Zumaridi aliwasihi, wakamwonyesha migongo. Chui aliposikia, hakusihi. Alikwenda akakaa mlangoni kwao, akipiga miayo. Wakatoa.

Masika yakapita, kiangazi kikapita, mvua nyingine zikaja. Bibi Kakakuona akaita watu, akawaambia alama imeonekana. Hakuahidi kuufuta ugonjwa, maana hakuwa na uwezo huo. Aliwaambia nani anayo na nani hana.

Lulu alikuwa nayo. Mchumba wake, Feruzi, alikuwa nayo pia, na harusi ilikuwa imekaribia. Bi Zumaridi alitamani asingewahi kuuliza. Lulu ndiye aliyemkumbatia.

"Mama, nilikuwa naogopa kila nikiruka," akasema. "Sasa najua ninachokiogopa."

Harusi ikavunjwa kwa heshima, na Lulu hakuzaa. Waliokosa alama wakaruhusiwa kuoa nje, hata kwa paka wa sokoni wenye manyoya mafupi. Wakazaliwa watoto wa kila namna, wengine nusu singa nusu brashi, na mabibi zao wakaona haya kwa muda, kisha wakazoea. Lulu ndiye aliyewafundisha kuruka. Bi Zumaridi alikaa kando akiwatazama, na kila mmoja akiwa hewani yeye alibana pumzi mpaka atue. Wakatua. Wakainuka.

Na Chui? Tone lake lilipimwa kwa heshima zote, likakutwa safi. Bibi Kakakuona alimwambia moyo wake ni mzima kama jiwe. Chui akashangaa, akatikisa kichwa kwa nguvu, na Kiroboto akadondoka nje, akarudi shingoni mwa Bi Zumaridi, mahali ambapo mama yule hakupakuna maisha yake yote. Tangu siku hiyo Chui hutembea akitangaza kuwa yeye ndiye mfadhili mkuu wa paka wa Singa. Paka humwitikia, "Ahsante, mjomba," bila kucheka.

Hadithi nimeitua, aliyechoka aiache hapo, mwenye nguvu aibebe. Ila funzo msilisahau, wanangu. Kudanganya wakubwa ni vibaya mno, hakuna heri iliyowahi kutoka humo. Na mtu akishikwa na haja sana ya kudanganya, basi kwanza aingie sikioni.