Mkawasi na Jiwe Lenye Ufa

Paukwa!

Pakawa!

Likaletwa jiwe!

Likaoshwa!

Kuna nini ndani?

Tuambie!

Basi, katika nchi ya vilima vyekundu palikuwa na mwanamke jina lake Mkawasi. Asubuhi hulima, mchana hupika, na jua likianza kupoa huketi mlangoni na kinoo chake, mchanga laini na kibuyu cha maji, akachonga vito. Havichongi ili aviuze. Anapenda tu. Wengine hupenda ngoma, wengine hupenda umbeya, na hao mnawajua. Yeye alipenda mawe.

Akiokota jiwe hakimbilii kulisugua. Hulilowesha, huligeuza, hulichungulia. Kisha husema, "Jiwe haliamrishwi, huulizwa."

Mumewe, Mwakio, alikuwa mrina asali. Kidevuni alikuwa na kovu lililojipinda kama ndoana, tangu siku alipoanguka mtini na mzinga wake. Alikuwa akimtania mkewe, "Mama, mawe hayaliwi!"

"Na macho yangu je, yasishibe?"

Wanacheka, wanakula.

Siku moja Mwakio akaenda kurina kwenye kilima cha Zimwi. Hakurudi. Mkawasi hakula, hakulala. Kulipokucha akatia kinoo chake kikapuni, akapanda kilima huku analia, huku anaita, "Mwakio! Mwakio wangu!"

Pangoni akalikuta Zimwi. Loo! Nywele kichaka cha miiba, jicho moja tu, na mahali pa jicho la pili pana shimo. Limekalia lundo la mawe.

"Nasikia harufu ya mtu!"

"Ni mimi, Mkawasi. Mume wangu yuko wapi?"

Zimwi likacheka, pango zima likatikisika. "Kila akanyagaye kilima changu namgeuza jiwe. Ila wewe naona una kinoo. Nichongee jicho la pili, safi, lisilo na doa, kabla jua halijatua. Ukiweza, mchukue mumeo. Ukishindwa, nawe ingia lunduni."

Likamtupia jiwe la rangi ya asali. "Chonga hilo. Lina ufa ndani. Usugue mpaka uishe!"

Mkawasi akalilowesha, akaligeuza, akalichungulia. Moyo ukampasuka. Ndani kabisa, ule ufa ulikuwa umejipinda kama ndoana. Tena ulikuwa unatetemeka polepole, kama mshipa wa shingo ya mtu aliyelala.

"Maskini mimi!" akawaza. "Linataka nimuue mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe."

Afanyeje? Akikataa, anageuzwa jiwe. Akiusugua ule ufa, Mwakio basi tena. Akanong'ona, "Jiwe haliamrishwi, huulizwa. Nikukate wapi, mume wangu?" Akaligeuzageuza mpaka akaiona njia ya mwanga, pale unapoingia na pale unapotaka kurudi. Hapo ndipo alipoanza kusaga. Akakata uso huu, akakata na ule, akazunguka ufa pande zote asiuguse.

"Ufa umekwisha?" Zimwi likauliza.

"Bado, bwana mkubwa."

Jua likashuka.

"Ufa umekwisha?"

"Bado, haraka haraka haina baraka."

Jua likafika mlangoni mwa pango.

"We mwanamke! Ufa umekwisha?"

"Njoo utazame mwenyewe!"

Akaliinua jiwe juani. Lahaula! Mwanga uliingia mmoja, ukatoka mia. Ukapanda kuta, ukapaka dari dhahabu, ukashuka mpaka lunduni ukapenya kila jiwe. Na kila jiwe lilikuwa na ufa wake, na kila ufa ulikuwa unapumua! Wajukuu zangu, Mkawasi alikuwa amechonga mawe tangu ujana wake, lakini kitu kama kile hakupata kukiona. Akalia kwa ule uzuri.

Zimwi nalo likatumbua lile jicho moja. Miaka na miaka limeyakalia mawe yale, wala halikujua yana nini ndani. Likatazama. Likatazama. Likatazama, lisiweze hata kupepesa, mpaka likaganda palepale likawa mwamba mweusi.

Basi uchawi wake ukakatika, lundo likaanza kujongea. Huyu ananyoosha mguu, yule anapiga chafya, mwingine anauliza mbuzi wake wako wapi. Jiwe mkononi mwa Mkawasi likapata moto, likawa zito, akaliweka chini. Mara Mwakio huyo, na kovu lake kidevuni.

Mkawasi akamkumbatia, akamshika lile kovu.

Mwakio akajipangusa vumbi. "Mke wangu, kuanzia leo maji ya kinoo nitakuchotea mimi."

Na alimchotea, mpaka uzee wao.

Mwamba ule mweusi upo vilevile. Mkawasi alikwenda siku moja akaulowesha, akauchungulia. Hakuona hata ufa mmoja, wala hakuona pumzi.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeisikia aende nayo. Na funzo lake ni hili: usimtake mtu asiye na doa, na ukimpenda mtu usimsugue mpaka aishe. Huenda doa lile ndilo pumzi yake.