Nani Apewe Jumapili ya Sekela

Haki ya Mungu! Mama aliyenizaa ni shahidi, na miguu yangu hii ikatike hapahapa nilipokaa kama nimeongeza hata chumvi ya kubandika kwenye ulimi! Haya ninayosema ni kweli tupu. Mwenye shaka anyanyuke aende zake sasa hivi. Hayupo? Basi sogeeni.

Palikuwa na watu watatu kule Rungwe, milimani, pale mvua inaponyesha miezi kumi na tatu kwa mwaka. Nyumba zao zilipakana, ua kwa ua, na kila nyumba ilikuwa na mtu mmoja, kikombe kimoja na sahani moja.

Wa kwanza ni Mwalimu Tusekile, mwalimu wa piano. Huyo alipewa masikio. Mwanakwaya akikosea noti moja Tukuyu mjini, yeye kwake, maili nne, chai inampalia.

Wa pili ni Fundi Ambakisye, mshona nguo, mkewe alishafariki. Huyo alipewa miguu. Akikanyaga cherehani asubuhi, jioni harusi nzima imevaa, bwana harusi mpaka wapishi.

Wa tatu ni Dada Subilaga. Huyo alipewa mapigo. Akitwanga mahindi, kuku wa mtaa mzima wanatembea kwa hatua kama askari. Lakini kutwanga, nyinyi mnajua, utamu wake ni wawili, mchi huu ukipanda ule unashuka. Yeye alikuwa akitwanga na dada yake. Dada alipokufa, Subilaga akabaki anatwanga vilevile, tu! halafu kimya, tu! halafu kimya. Ile nafasi ya mchi wa pili aliiacha wazi.

Sasa sikilizeni habari ya Mwalimu, maana ndiye aliyekuwa na kosa.

Zamani mtoto hakuandikishwa shule kwa cheti. Aliambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, ashike sikio la kushoto. Likishikika, karibu darasani. Lisiposhikika, rudi kwenu ukale. Shule zenyewe zimeshaacha mambo hayo, ila Mwalimu Tusekile aliendelea nayo kwenye piano. Mzazi akileta mtoto, Mwalimu hamuulizi jina wala miaka. Anasema, "Shika sikio."

Hakuwa na roho mbaya. Zamani alimwanzisha Gwakisa, mtoto wa dada yake, akiwa na miaka mitatu tu. Mtoto vidole havijakomaa, anakalishwa saa nzima, analia, anafutwa machozi, anakalishwa tena. Siku moja akatoka kwenda kukojoa, hakurudi. Sasa ni dereva wa lori. Akipita barabarani anapiga honi, hasimami. Kila honi ile Mwalimu anaijua ni ya nani, kwa masikio yale, na kila mara anakwenda dirishani.

Basi akaapa hatamwahisha mtoto tena. Alipima watoto kama mia saba hivi. "Rudi mwakani." Na huyo mtoto mwakani ameshapata mpira, ameshapata wenzake, harudi. Piano ikabaki na Mwalimu, na benchi ya watu wawili inakaliwa upande mmoja.

Ndipo akaja Tumpe, mchuma chai, na binti yake Sekela wa miaka minne.

"Mwalimu, huyu akisikia kwaya halali wala hali," alisema Tumpe. "Naomba umfundishe."

"Shika sikio."

Mkono ukaishia utosini.

"Rudi mwakani," akasema Mwalimu, akafunga mlango. Halafu akasimama palepale nyuma ya mlango akisikiliza zile hatua ndogo zinavyokwenda, mpaka mwisho wa barabara, mpaka zaidi ya mwisho wa barabara.

Tumpe alikuwa hana wa kumwachia mtoto akienda shambani. Asubuhi akawa anamwacha kwa Fundi, mchana kwa Subilaga.

Kwa Fundi mtoto alikalishwa kwenye cherehani bovu, halina sindano. "Mguu ukanyage, mikono iongoze kitambaa," Fundi alimwambia. "Mguu usiulize mkono unafanya nini. Wakianza kuulizana, suruali inakwenda kombo." Mwezi wa kwanza vitambaa vilikwenda Malawi. Mwezi wa tano mtoto mguu unakwenda, mkono wa kulia unavuta, wa kushoto unasukuma, na mdomo unamsimulia Fundi habari za paka. Na Fundi, aliyekuwa hazungumzi na mtu toka msiba, akawa anauliza, "Ehe, halafu paka akafanyaje?"

Kwa Subilaga mtoto alichongewa mchi mdogo. Subilaga hakumfundisha kitu. Alitwanga tu, tu! halafu kimya. Siku ya tatu, kwenye kile kimya, mchi mdogo ukaingia. Subilaga alikosa pigo lake, mara ya kwanza katika maisha yake, akajidai moshi umemwingia machoni. Moto ulikuwa haujawashwa. Toka siku hiyo wakatwanga wawili, hata siku ambazo hapakuwa na mahindi.

Na Mwalimu je? Jioni, mtoto akimsubiri mama yake uani kwa Subilaga, Mwalimu alikuwa akipiga piano kwake, dirisha limefungwa. Siku moja mkono ulimuuma, akaacha wimbo kabla ya noti ya mwisho. Ng'ambo ya ua kisauti kikaiimba hiyo noti. Sawasawa, haikupanda wala haikushuka! Mwalimu akabaki mikono hewani. Kesho yake akaacha noti makusudi. Ikaletwa. Akaacha mbili. Zikaletwa zote mbili. Mchezo huo walicheza miezi minane, na hawakuonana hata mara moja. Dirisha Mwalimu hakulifungua. Alijua akilifungua atamwita, na akimwita atamwanzisha, na akimwanzisha atakuja kusikia honi nyingine barabarani.

Mwaka ukazunguka. Tumpe akarudi na Sekela.

"Shika sikio."

Mkono ukapanda, ukavuka utosi, ukashuka. Ukapungua ukucha. Mwalimu akapima tena, akamnyoosha mtoto bega, akamwinamisha kichwa kidogo, kuiba kabisa. Ukucha uleule.

Akafungua mdomo kusema neno lake. Tumpe akamuwahi.

"Mwalimu, mwakani hatupo. Nimehamishiwa shamba la ng'ambo ya bonde. Nimekuja tu kwa kuwa ulituambia turudi."

Wanaongea hivyo, mtoto ameshapanda benchi. Amekalia ncha, mguu mmoja chini kwenye pedali. Akaanza. Mikono inakwenda huku na huku, mguu hauulizi. Pigo halikukimbia wala kulegea. Na wimbo ni uleule wa jioni, noti kwa noti. Haki ya Mungu, mvua ilisimama! Akafika mwisho, akaiacha noti moja. Akageuza shingo, akamtazama Mwalimu, akangoja.

Mwalimu Tusekile alikuwa hajaimba mbele ya mtu miaka kumi na mmoja. Akaiimba.

Fundi na Subilaga walikuwa wameshafika mlangoni.

"Umeona mguu huo?" Fundi akasema. "Huo nimeushona mimi!"

"Nyamaza, Fundi, suruali zako zenyewe mguu mmoja unakwenda kanisani, mwingine sokoni," Subilaga akamjibu. "Bila mapigo hiyo ingekuwa kelele ya masufuria."

"Na nyimbo alizitoa wapi, kwenye kinu?" akauliza Mwalimu.

"Kwani wewe ulimfungulia mlango?" Subilaga akasema. "Mwaka mzima mtoto yuko tayari, wewe unapima masikio!"

Fundi akakohoa, akatazama viatu vyake.

Tumpe akasema, "Ndugu zangu, ndaga. Asanteni sana. Huko tuendako kanisa lina piano, na yupo mwalimu kijana, atamfundisha bure. Ila kila Jumapili tutakuja kusali huku, na baada ya ibada nina kikao cha akina mama, masaa mawili. Sekela nitamwacha kwa mmoja. Kwa mmoja tu, msije mkamkatakata kama mkate. Semeni wenyewe, nani kamwandaa huyu mtoto?"

Fundi akasema, "Mimi. Mikono na mguu kuachana ndiyo kazi, mengine yanafuata."

Subilaga akasema, "Mimi. Mtoto akijua kungojea zamu yake, ameshajua yote."

Mwalimu akasema, "Mimi nilimngoja. Nyinyi mlikuwa naye kila siku, mkala naye, mkacheka naye. Mimi nilimngoja nyuma ya dirisha ili asije akaichukia piano. Na hiyo nayo ni kazi."

Tumpe akashindwa kuamua. Akamshika mtoto mkono, wakaondoka bila jibu.

Jumapili ya kwanza ilipofika, nilipita njia ile mwenyewe baada ya ibada. Fundi kaweka kiti barazani na kipande cha kitenge cha maua. Subilaga katoa michi yote miwili kaiosha. Mwalimu Tusekile kafungua dirisha, mvua inaingia mpaka kwenye piano, hafungi. Wote watatu wanaitazama barabara, na hakuna anayemtazama mwenzake.

Mmoja alimfundisha mguu na mkono. Mmoja alimfundisha mapigo. Mmoja alimfundisha kusikia, akamngoja mpaka akawa tayari, au mpaka akachelewa, hilo mtasema nyinyi. Masaa ni mawili tu. Tumpe bado anauliza. Je, wewe ungempa nani?

Amueni, lakini nawaomba neno hili lisitoke hapa, msimsimulie hata mke nyumbani. Maana kila mmoja kati ya wale watatu ameshawatangazia watu kwamba yeye hana shida yoyote, mtoto aende popote tu.