Wino Mwekundu wa Mwalimu Otilia

"Daftari la mkuu nalo lina wino mwekundu." Mmeambiwa hivyo leo ofisini, nanyi kwa kuwa ni walimu wageni mkadhani mnakejeliwa. Hamkukejeliwa. Kaeni niwaeleze neno hili lilikotoka, maana kalamu yenyewe niliishika mimi.

Nilikuwa nafundisha darasa la kwanza katika shule hii hii tulipoletewa mwalimu mkuu mpya, Otilia Kinunda. Alikuwa hodari wa hisabati za darasa la saba, mwepesi wa hasira, na niseme kweli, sikumpenda. Alipokuta darasa la tatu hawajui kusoma, aliamuru wasome kwa sauti kila asubuhi, yeye mwenyewe akiwasimamia. Baada ya miezi mitatu darasa zima lilikuwa linatiririsha kitabu kizima. Otilia akafurahi, akamwita mkaguzi aje ajionee.

Mkaguzi alisikiliza, kisha akachukua kitabu cha mtoto mmoja, akakigeuza juu chini, akamrudishia. Mtoto aliendelea kusoma bila kukosea hata neno.

"Mwalimu Mkuu, hawa wamekariri," mkaguzi alisema mbele yetu sote. "Nitarudi mwezi wa kumi na moja. Nikiwakuta hivi hivi, nitaandika kwamba shule hii inahitaji mkuu mwingine."

Sisi tulitazamia fimbo kwa watoto na barua za onyo kwetu. Kesho yake Otilia akaingia darasani kwangu na daftari jipya mkononi.

"Mwalimu Ndunguru, ulijua kwamba wanakariri?"

"Nilijua, Mama. Tangu wiki ya kwanza. Silabi huwafundishi, unawapa sentensi nzima. Wangeshika nini zaidi ya wimbo?"

"Na ukaninyamazia?"

"Hukuniuliza."

Nilijitayarisha kufokewa. Badala yake alivuta benchi la watoto, akaketi, magoti yakakaribia kidevu.

"Basi leo nauliza," alisema. "Kusoma sijawahi kufundisha maishani mwangu. Nifundishe, halafu nikiingia darasa la tatu uje unisahihishe kama unavyowasahihisha hawa."

Kila siku akawa anaandika somo lake katika daftari lile, anafundisha, mimi nimekaa nyuma na kalamu nyekundu. Siku ya kwanza nilimpa tatu kati ya kumi, nikaandika: *Unaharakisha. Rudia.* Siku ya pili nne. Siku ya tatu akarudi kwenye tatu. Siku hiyo alirusha chaki dirishani akatoka, nikasema moyoni, basi, imekwisha. Chai yangu haikuwa imepoa alipoingia ofisini na chaki ile ile. "Kesho tunarudia herufi ya leo," alisema.

Walimu wengine walicheka sana, hasa Haule wa darasa la tano. Otilia akawa analiacha daftari wazi juu ya meza ya ofisi, anayetaka kucheka asome kwanza. Ilipofika Agosti, daftari la Haule nalo lilikuwa pale pembeni, likisubiri wino.

Mkaguzi alirudi na kitabu chake mwenyewe. Kati ya watoto arobaini na mmoja, thelathini na wanne walisoma. Saba hawakuweza, na Otilia alimtajia majina yao kabla hajawagundua, na silabi aliyokwamia kila mmoja.

"Hawa bado," alisema. "Nipe hadi Machi."

"Umetumia mbinu gani?"

Otilia akampa daftari. Mkaguzi alifunua ukurasa baada ya ukurasa. "Nani huyu anayethubutu kumpa mwalimu mkuu tatu?"

Nilitamani ardhi inimeze.

"Huyo hapo," Otilia alijibu. "Juzi kanipa saba. Hajaniachia hata moja ya bure."

Habari za mkuu mwingine hazikuandikwa. Mkaguzi alilipeleka daftari lile kwenye kikao cha wakuu wa shule, akalipitisha mkono kwa mkono, na neno likaanzia huko. Otilia alituongoza miaka kumi na minne, na kumi kati ya kumi kwangu hakuipata hata siku moja.

Sasa mnaniuliza nani alikosea zaidi mwaka ule. Yeye hakujua, akauliza. Mimi nilijua, nikanyamaza watoto wakiimba. Hakuna aliyenisahihisha, na ndiyo maana hadi leo naona aibu. Kwa hiyo mkipewa tatu, msichane ukurasa. Daftari la mkuu nalo lina wino mwekundu.