Bibi Harusi Kiboko na Tela la Punda

Paukwa!

Pakawa!

Nimesema paukwa, na nyinyi wa nyuma mnaotafuna muhogo!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na Punda. Punda alikuwa na tela la matairi manne, ekseli zake mbili, vile vyuma vinavyobeba matairi, zimekaribiana katikati. Kazi yake ilikuwa kupeleka mabibi harusi kwa waume zao. Siku hiyo bibi harusi alikuwa Kiboko. Mnene, mzuri, ananukia asumini. Jua likizama hajafika, harusi ingoje mwezi mwingine uandame. Punda alikuwa amemwahidi: "Mwanangu, nitakufikisha." Ahadi ile ilimkaa rohoni.

Punda akagonga matairi kwa kwato. Du. Du. Du. Pwe.

"Hili la nyuma limepungua upepo," akasema.

Kanga, somo aliyemfunda bibi harusi, mdogo wa umbo, mkubwa wa amri, hakutaka kusikia. "Usitucheleweshe, Punda. Njia yenyewe hapo tu. Mwari, panda ukae nyuma kabisa. Bibi harusi hukaa nyuma, aonekane."

Mila ni mila. Kiboko akapanda, akakaa nyuma. Kwiii! Nyuma likadidimia, mbele likainuka, na Punda akainuka nalo, miguu minne inapiga hewa. Lile tairi likawa chapati.

"Somo," Punda akaita kutoka huko juu, "mimi huvuta barabarani, sivuti mawinguni."

"Basi njoo mbele, mwari."

Kiboko akaja mbele. Puu! Punda akapiga magoti, pua mchangani. Na jua linashuka. Kiboko akaanza kulia, wanja ukamtiririka.

Punda alimwonea huruma hata akasahau magoti yake. "Nyamaza, mwanangu. Utakaa katikati, juu ya ekseli, zigawane uzito. Lakini kwanza shuka. Una kifua wewe, lipulize hili tairi."

"Bibi harusi apulize tairi?" Kanga akaziba uso kwa bawa.

Kiboko akashuka. Akavuta pumzi. Fuuu! Fuuu! Punda akagonga. Du.

Kiboko akapanda, akakaa katikati. Wakaondoka, krokro krokro. Lakini nani akae nyuma, mila isivunjike? Kanga akakaa mwenyewe, shingo juu.

Walifika jua limegusa vilima. Wakwe wakatazama nyuma ya tela, kama ilivyo mila. Wakamwona Kanga. Wakampigia vigelegele, wakamtandikia mkeka.

"Jamani," bwana harusi akanong'ona, "mbona amekonda hivi?"

Kiboko akacheka hata tela likatikisika. Punda naye akacheka, miguu yote minne iko chini.

Haya, wenzangu: mzigo ukikaa mahali pake huvutika, na tairi hukaguliwa kabla ya safari. Mila nzuri haimning'inizi anayekubeba.

Hadithi yangu imeegesha hapo. Waliokaa nyuma, shukeni polepole.