Daraja la Bi Mwatabu

Sogeeni karibu, watu wa nyumba hii, niwape ninayoijua.

Paliondokea mwanamke, Bi Mwatabu, mtawala wa nchi ndogo yenye mlima wa shaba na mto mkali uliozamisha watu wakienda sokoni. Likaja zimwi la mashariki. Likapiga makofi, mawe yakajipanga hewani.

"Nitakujengea daraja. Nipe mlima, na zimwi la magharibi ulifukuze."

"Daraja litafika wapi?" akauliza Bi Mwatabu.

"Mlimani."

Likaja la magharibi, likapiga mluzi, vyuma vikacheza, likatoa ahadi ileile. Akaliuliza vilevile, nalo likajibu, "Mlimani."

Zimwi lolote kati ya hayo mawili lingeweza kummeza. Hata hivyo akayaita pamoja.

"Mlima sitoi. Zimwi litakalowavusha watu wangu kwenda sokoni ndilo nitakaloliuzia shaba."

Kila moja likaogopa kutanguliwa. Moja likaanza kujenga ng'ambo hii kwa mawe, jingine ng'ambo ile kwa vyuma, mpaka yakakutana katikati ya mto, daraja likawa moja.

"Nani kashinda?" yakanguruma.

"Nusu daraja halimvushi mtu," akasema Bi Mwatabu. "Mtanunua kwa zamu."

Kisha akamshika mkono mama mmoja aliyebeba kuku, wakavuka taratibu hadi sokoni. Na hadithi yangu ikavuka nao.